Chongo na Kengeza: Historia ya Majina ya Ulemavu Afrika Mashariki

Kabla ya kuwapo chama chochote cha watu wenye ulemavu, na kabla ya serikali yoyote ya Afrika Mashariki kutunga sheria juu ya jambo hili, wasemaji wa Kiswahili walikwisha kubishana wao kwa wao, kwa njia ya methali, kuhusu namna ya kumtaja mtu ambaye mwili au akili yake haikufanana na ya wengi. Methali tatu zinatosha kuuonyesha ubishi huo. Ya kwanza, "Hujafa hujaumbika", humkumbusha msikilizaji kwamba umbo alilo nalo leo si la kudumu, kwani ajali au maradhi yanaweza kulibadilisha kabla ya jua kuzama. Ya pili, "Mcheka kilema hafi bila kumfika", huligeuza kumbusho hilo kuwa tishio. Ya tatu ina mwelekeo mwingine kabisa: "Ukipenda, chongo huita kengeza", ambapo chongo ni jicho lililopofuka na kengeza ni jicho zima linalotazama upande, na maana yake ni kwamba mapenzi humfanya mtu aipe kasoro ya ampendaye jina jepesi kuliko inavyostahili.

Methali mbili za kwanza zilimkinga mtu dhidi ya dhihaka, lakini zilimkinga kwa hofu, kwa kuwa aliyeonywa alitakiwa kunyamaza kwa ajili ya usalama wake mwenyewe na wala hakuambiwa kwamba anayechekwa ana haki yoyote juu yake. Methali ya tatu iliyatilia shaka majina laini yenyewe, na shaka hiyo haikupotea, kwa maana kila kampeni iliyofanywa baadaye katika eneo hili ili kubadili majina ya ulemavu ilikutana na watu waliouliza, kwa haki kabisa, kama kinachofanyika si kuliita chongo kengeza. Historia inayofuata, ambayo kitovu chake ni safari ya neno "zeruzeru" kuelekea "mtu mwenye ualbino", inaonyesha kwamba jibu la swali hilo lilitegemea sana ni nani aliyelichagua jina jipya.

Msamiati wa zamani wa ulemavu katika Kiswahili unahitaji kutazamwa kwa karibu, kwa sababu sehemu ya hoja za wanaharakati ilijengwa juu ya sarufi. Nomino za Kiswahili hugawanywa katika ngeli, yaani makundi yanayotambuliwa kwa viambishi vya mwanzo na kwa upatanisho wa maneno mengine katika sentensi. Ngeli ya watu ni ile ya M-/WA-, yenye mtu, mwalimu na mkulima, ilhali ngeli ya KI-/VI- ina kiti, kisu na kijiko, na hubeba pia dhana ya udogo, kama mji unavyopungua ukawa kijiji. Sasa orodha ya majina ya ulemavu imejaa katika ngeli hii ya pili: kipofu, kiziwi, kiwete, kilema, kibiongo, kichaa. Si ajabu basi kwamba wapo waliosema kuwa lugha yenyewe imewatoa watu hawa katika safu ya watu na kuwaweka katika safu ya vyombo vya nyumbani.

Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, ingawa imedai zaidi ya kile ambacho sarufi inaweza kukitoa. Kiongozi, kijana, kinyozi na kipenzi wamo katika ngeli hiyo hiyo bila mtu kulalamika, na katika upatanisho Kiswahili sanifu husema "kipofu ameingia", hakisemi "kipofu kimeingia", maana yake utu wa anayetajwa unarudi kwenye kitenzi hata kama umefichika kwenye jina. Kwa upande wa neno "kilema" kuna jambo la kuvutia zaidi. Katika methali ya mcheka kilema, kinachomfika mchekaji ni hitilafu yenyewe, hali ya mwili, wala si mtu mwingine aliye nayo. Neno lilikuwa na maana ya hali, kisha likatumika pia kumtaja mwenye hali hiyo, na hapo ndipo mtu mzima, pamoja na kazi yake, ukoo wake na ulimi wake, alipomezwa na mguu wake mmoja. Jambo la namna hiyo ndilo walilolilalamikia baadaye watu wenye ualbino, wakiwa hawana kiambishi KI- cha kukilaumu.

Mabadiliko ya kwanza yalikuwa ya polepole na hayakuitwa kampeni. Kutokana na kitenzi "kulemaa" lilijengwa jina "mlemavu", lenye kiambishi cha watu, na pamoja nalo jina la hali, "ulemavu", ambalo lilimtenganisha mtu na hitilafu yake angalau katika maandishi. Neno "mlemavu" lilienea katika hotuba, magazetini na maofisini, na lilipata nguvu mwaka 1981, ambao Umoja wa Mataifa uliutangaza kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Walemavu. Mwaka uliofuata Bunge la Tanzania lilipitisha sheria mbili, moja ya ajira na nyingine ya matunzo kwa walemavu, na ile ya ajira iliwataka waajiri wenye wafanyakazi 50 au zaidi watenge asilimia 2 ya nafasi kwa ajili yao. Jina "kilema" lilikuwa limekwisha kuondoka katika lugha ya kiserikali bila ya mtu kulipigia kelele.

Vyama vya walemavu wenyewe ndivyo vilivyoanza kulitazama jina kama jambo la kuamuliwa, na inafaa kuzingatiwa kwamba havikufikia uamuzi mmoja. Wasioona wa Tanzania, ambao chama chao kiliasisiwa mwaka 1964, waliliacha neno "kipofu" na kujiita kwa kirai kinachosema tu kile wasichokifanya, yaani kuona. Viziwi walikwenda njia ya pili. Chama chao, kilichoanzishwa katika miaka ya 1980, kinaitwa Chama cha Viziwi Tanzania, kwa kifupi CHAVITA, na neno hilo la ngeli ya KI-/VI-, ambalo mtetezi mwenye haraka angelifuta kwanza, limo katikati ya jina lake. Sababu ni kwamba kwa viziwi tusi lilikuwa neno jingine: lilikuwa "bubu", linalodai kwamba mtu hawezi kusema, ilhali yeye anasema siku nzima kwa mikono yake kwa Lugha ya Alama ya Tanzania, ambayo ina sarufi yake kamili. "Kiziwi" likabaki kama jina la jamii yenye lugha yake, na maneno ya adabu kama "asiyesikia" hayakupata nafasi kubwa katika nyaraka za chama hicho.

Zanzibar ilikuwa na umoja wake, UWZ, tangu mwaka 1985, na mwaka 1992 vyama vya upande wa Tanzania Bara viliunda shirikisho, SHIVYAWATA. Mtu anayependa mambo madogo atagundua kwamba silabi "WA" katika kifupi hicho inaweza kusimama kwa niaba ya "walemavu" au ya "watu wenye ulemavu" bila kulazimika kuchonga muhuri mpya. Kati ya majina hayo mawili ndipo sehemu ya pili ya historia hii ilipotokea.

Ualbino ni hali ya kurithi ambayo mwili hautengenezi melanini ya kutosha, melanini ikiwa ni rangi ya asili inayoipa ngozi, nywele na macho weusi wake na kuikinga ngozi dhidi ya mionzi ya jua. Mtoto huipata hali hiyo anapoirithi kutoka kwa wazazi wote wawili, ambao mara nyingi wana ngozi nyeusi na hawana dalili yoyote, na pengo hilo kati ya rangi ya mzazi na rangi ya mtoto ndilo lililowafanya wanawake wengi washitakiwe uzinzi na waume zao au watuhumiwe kwamba wamelaaniwa. Uoni huwa hafifu, na ngozi huungua upesi, kiasi kwamba saratani ya ngozi imekuwa ikiwaua watu hawa wakiwa bado vijana. Utafiti uliochapishwa mwaka 1985 na madaktari wa Dar es Salaam ulikadiria kuwa mtu 1 kati ya 1,400 ana hali hiyo, kiwango kilicho juu sana kikilinganishwa na Ulaya na Amerika Kaskazini, ambako makadirio ya kawaida ni mtu 1 kati ya 17,000 hadi 20,000.

Jina la zamani la mtu wa namna hiyo katika Kiswahili ni "zeruzeru", na kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inalo, bila onyo lolote kwamba ni neno la kudhalilisha. Waandishi wa habari wa nje wamelitafsiri mara nyingi kuwa ni mzuka, na tafsiri hiyo imerudiwa kiasi cha kuonekana kama maana ya asili, ingawa kamusi hutaja hali ya ngozi tu. Hata hivyo waliolitafsiri hivyo hawakuokota wazo hilo hewani. Katika sehemu nyingi za Tanzania iliaminika kwamba mtu mwenye ualbino hafi, ila hutoweka, na imani hiyo ilisaidiwa na ukweli mchungu kwamba wengi hawakufika uzeeni na wengine walizikwa kwa siri. Neno likibebeshwa imani kama hiyo kwa vizazi kadhaa, haliwezi kujitetea kwa kuonyesha cheti chake cha kuzaliwa kutoka katika kamusi.

Jina la kwanza lililotolewa badala yake lilikuwa "albino", neno la Kireno lenye asili ya Kilatini, likiwa na maana ya weupe, ambalo liliingia katika Kiswahili kwa kupitia Kiingereza. Lilikuwa neno la hospitali na la shule, halikuwa na mzuka ndani yake, na chama kilipoasisiwa nchini Tanzania mwaka 1978 ili kuwaunganisha watu wenye hali hiyo, kililitumia katika jina lake kwa miaka mingi kabla ya kulibadilisha na kutaja ualbino. Wasomaji waliozoea kulisikia neno "albino" likikemewa leo wanapaswa kukumbuka kwamba kwa kizazi cha mwaka 1978 lilikuwa ni jina la heshima. Jambo hili halikuwa la Afrika Mashariki pekee. Nchini Marekani neno la Kiingereza "retarded", lenye maana ya aliyecheleweshwa, lilipokewa na madaktari na wazazi kama badala ya kistaarabu ya maneno "idiot", "imbecile" na "moron", ambayo mwanasaikolojia Henry Goddard aliyapanga mwaka 1910 kuwa ngazi tatu za kitabibu, na miaka mia moja baadaye likawa ndilo neno lililopigwa vita viwanjani na shuleni.

Kilicholichafua jina "albino" nchini Tanzania hakikutoka ndani ya neno lenyewe. Kuanzia mwaka 2007 hivi, habari za mauaji ya watu wenye ualbino zilianza kutoka kwa wingi katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, hasa Mwanza na Shinyanga, ambako waganga wachache na wateja wao waliamini kwamba viungo vya watu hao huleta utajiri katika uchimbaji madini, uvuvi na biashara. Kufikia mwaka 2015 mauaji yaliyoorodheshwa yalikuwa yamezidi 70, mbali na makaburi yaliyofukuliwa na watu waliokatwa viungo wakiwa hai. Nchini Burundi mashambulizi yalilikumba hasa eneo la Ruyigi, ambako mwaka 2008 mwendesha mashitaka wa serikali aliwahifadhi makumi ya watu nyumbani kwake.

Katika miaka hiyo mitaani lilisikika jina la tatu: "dili". Neno hili, lenye asili ya Kiingereza, katika Kiswahili cha mjini ni biashara ya faida ya haraka, aghalabu isiyo safi, na watu wengi wenye ualbino wamesimulia jinsi walivyoitwa hivyo vituoni na sokoni. Hapa inafaa kuirudia sarufi. Aliyesema "kipofu ameingia" aliurudisha utu kwa kitenzi, lakini "dili" hupatana na li-, kwa hiyo sentensi "dili linapita", inapotamkwa na kijana aliyeegemea pikipiki yake huku mtu mwenye kofia pana akipita mbele yake kwenda dukani, imemwondoa mtu huyo katika ngeli ya watu kuanzia jina hadi kitenzi. Kile ambacho wanaharakati walidai kuwa kimefanywa na KI-/VI-, na ambacho KI-/VI- haikuwahi kukifanya kikamilifu, kilifanywa na neno jipya la mtaani lisilofika herufi tano.

Mwitikio wa serikali na wa vyombo vya habari ulikuja kwa mfululizo wa haraka. Mwezi Aprili 2008 Rais Jakaya Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir kuwa mbunge, akawa mtu wa kwanza mwenye ualbino kuketi katika Bunge la Tanzania. Katikati ya mwaka huo Vicky Ntetema, aliyekuwa mkuu wa ofisi ya BBC mjini Dar es Salaam, alijifanya mteja na kuwaendea waganga, akaondoka na ushahidi wa biashara hiyo pamoja na vitisho vilivyomlazimisha kujificha. Mwezi Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alifuta leseni za waganga wa jadi, na mwezi Machi wananchi walipiga kura za siri kuwataja waliowashuku. Mwezi Septemba mwaka huo huo mahakama iliyoketi Kahama ilitoa hukumu ya kwanza ya kifo, dhidi ya wanaume watatu waliomuua mtoto mwenye ualbino.

Kampeni ya jina ilizaliwa katikati ya kampeni hiyo ya uhai, na wapo walioona kuwa ni anasa kubishana juu ya maneno wakati watu wanakatwa mapanga. Waliokuwa ndani ya mapambano walifikiri vingine. Josephat Torner, mwanaharakati aliyezunguka vijiji vya Kanda ya Ziwa na ambaye kazi yake ilionyeshwa katika filamu ya mwaka 2012, alikwenda kuzungumza ana kwa ana na watu ambao baadhi yao walikuwa hawajawahi kumgusa mtu mwenye ualbino wala kumwuliza swali. Shirika la Under the Same Sun, lililoanzishwa nchini Kanada mwaka 2008 na Peter Ash, ambaye mwenyewe ana ualbino, lilifungua ofisi Dar es Salaam, na Ntetema akaja kuiongoza. Walichosisitiza ni kwamba mnunuzi wa kiungo hanunui kiungo cha mtu: ananunua kiungo cha zeruzeru au cha albino, yaani cha kiumbe ambacho kichwani mwake hakimo katika hesabu ya watu, na kwa hiyo neno "mtu" lilipaswa kutamkwa kwanza kila mara, hata kama lingechosha.

Na kweli lilichosha. "Albino" ina silabi 3 na "mtu mwenye ualbino" ina silabi 8, tofauti ambayo haimsumbui mwandishi wa kitabu lakini humtesa mhariri mwenye safu moja ya kichwa cha habari na mtangazaji mwenye dakika moja ya taarifa. Katika kuhangaika huko magazeti na viongozi wengi walikimbilia jina jingine, "mlemavu wa ngozi", lililoonekana la adabu na fupi kiasi. Hilo lilikuwa kengeza halisi la methali. Halikuchaguliwa na wahusika, halikuwa sahihi kitabibu, kwa kuwa ualbino unaathiri macho pia na ngozi yenyewe haikosi kufanya kazi ila imekosa kinga, na lilimfanya msikilizaji adhani ni ugonjwa wa kuambukiza. Vyama viliendelea kulikataa, na katika maandishi makini likapungua.

Mtindo wa kumtanguliza mtu una historia yake nje ya Afrika. Mwaka 1974, katika jimbo la Oregon nchini Marekani, watu wenye ulemavu wa akili waliokuwa wakiandaa mkutano wao wenyewe walichoka kutambulishwa kwa jina la hali yao, wakauita umoja wao People First, maana yake watu kwanza. Mtindo huo uliingia katika nyaraka za kimataifa, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa tarehe 13 Desemba 2006, ukaufanya kuwa lugha ya kisheria. Kenya iliuridhia mkataba huo mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009. Lakini Kiswahili hakikuupokea mtindo huu kama mzigo wa kigeni tu, kwa sababu kilikuwa na neno lake, "mwenye", lenye uzito ambao kihusishi cha Kiingereza hakina. Mwenye nyumba, mwenye shamba, mwenyeji, mwenyekiti: neno hili humweka mtu juu ya kitu, akakimiliki. Mtu mwenye ualbino, kwa sikio la Kiswahili, anao ualbino kama anavyokuwa na jina la ukoo, na ualbino haumiliki chochote katika sentensi hiyo.

Zanzibar ilitangulia kuuweka mtindo huo katika sheria, kwa sheria yake ya mwaka 2006 ya haki za watu wenye ulemavu. Tanzania Bara ilifuata kwa Sheria ya Watu wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010, iliyochukua nafasi ya zile za mwaka 1982, ikapandisha sharti la ajira hadi asilimia 3 kwa waajiri wenye watu 20 au zaidi. Mwaka huo huo wa 2010 Marekani iliondoa neno "retarded" katika sheria zake kadhaa za shirikisho za afya, elimu na ajira kwa sheria iliyopewa jina la mtoto wa Maryland, Rosa, ikiwa ni mwaka mmoja tu baada ya vijana wa michezo ya Special Olympics kuanzisha siku ya kila mwaka ya kuahidi kuliacha neno hilo. Hatua iliyokwenda mbali zaidi, hata hivyo, ilichukuliwa Nairobi. Katiba ya Kenya, iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010, inasema katika Ibara ya 54 kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutendewa kwa utu na heshima, na ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha. Sheria ya Marekani ilisafisha maandishi ya serikali, ilhali ibara hii imeligeuza jina lenyewe kuwa haki ya anayeitwa, jambo ambalo methali za hofu hazikuwahi kulifikia.

Kisiasa, jina na mwenye jina vilipanda pamoja. Mwezi Oktoba 2010 Salum Khalfan Barwany alichaguliwa na wapiga kura wa Lindi Mjini, na si kuteuliwa, kuwa mbunge wao. Mumbi Ngugi akawa jaji wa Mahakama Kuu ya Kenya mwaka 2011, Isaac Mwaura akaingia Bunge la Kenya mwaka 2013, na mwezi Desemba 2015 Abdallah Possi, mwanasheria, akateuliwa kuwa naibu waziri nchini Tanzania na Rais John Magufuli. Mwandishi wa habari aliyepaswa kuripoti hotuba ya naibu waziri aliona ugumu, kwa mara ya kwanza labda, wa kumtaja kwa neno ambalo hadi jana lilitumika katika taarifa za polisi. Mwaka 2016 Nairobi iliandaa shindano la ulimbwende la wavulana na wasichana wenye ualbino, ambamo ngozi iliyofichwa kwa miaka mingi chini ya mikono mirefu ilipandishwa jukwaani kwa makusudi.

Umoja wa Mataifa nao ulikuwa umefika. Baraza la Haki za Binadamu lilipitisha azimio lake la kwanza juu ya mashambulizi hayo tarehe 13 Juni 2013, na Baraza Kuu, kwa azimio la tarehe 18 Desemba 2014, likaitangaza tarehe 13 Juni kuwa siku ya kimataifa ya kukuza uelewa kuhusu ualbino, ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2015. Mwaka huo huo Ikponwosa Ero wa Nigeria aliteuliwa kuwa mtaalamu huru wa kwanza wa umoja huo katika suala hili.

Mafanikio ya kampeni hii hayalingani mahali pote. Katika sheria, katika takwimu na katika matangazo makini ya redio, "mtu mwenye ualbino" limeshinda waziwazi. Sokoni na majumbani "albino" ndilo neno la kawaida, na wahusika wengi hujiita hivyo wenyewe wanapozungumza na jamaa na marafiki, bila kuona kuwa wamejitukana. "Zeruzeru" limerudi nyuma zaidi, ingawa wazee wengi wanalitumia bila nia mbaya. Wala haiwezi kudaiwa kwamba jina jipya lilizuia panga, kwa kuwa mashambulizi yalizuka tena mwishoni mwa mwaka 2014 na mwanzoni mwa 2015, wakati jina hilo lilikuwa limekwisha kuenea. Lililofanywa na jina ni dogo kuliko hilo, nalo lina thamani yake: liliwafanya watu hawa wahesabike. Sensa ya Tanzania ya mwaka 2012 iliuliza kuhusu ualbino na kupata watu 16,477, idadi iliyo chini mno ya ile ambayo makadirio ya mwaka 1985 yangeitarajia, kwa sababu kaya nyingi zilikuwa bado zinaficha. Kenya iliwahesabu kwa mara ya kwanza katika sensa ya mwaka 2019, katika safu yao wenyewe yenye jina walilolitaka, na walikuwa 9,729.